Waraka Wangu Ulipofika Marani

Watu hudhani mtu huitwa serikalini kwa sababu ya akili zake. Mimi niliitwa kwa sababu ya mvua. Nilikuwa na ofisi ya uwakili mjini Kisii, ghorofani juu ya duka la blanketi, na mkubwa mmoja kutoka Nairobi, aliyekuja kukagua sijui nini, mvua ikamkuta barabarani akakimbilia ngazi zetu. Alinikuta nikimgombeza mteja wangu aliyesogeza ua wa mpaka, akashtakiwa, kisha akausogeza tena kesi ikiendelea. Mkubwa alisimama mlangoni akichuruzika maji, akasikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema serikali inahitaji mtu anayejua kugombeza kwa kufuata sheria. Mwezi haukwisha, nikaitwa.

Sikusita hata kidogo. Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na shahada, wigi la mawakili la nywele za farasi ndani ya kopo la bati, na koti zito lililonitoa jasho kuanzia Januari hadi Desemba. Kule ng'ambo nilifundishwa sheria za meli, za hundi na za wosia. Kisii sikukuta meli. Nilikuta kesi moja tu, ikiletwa na watu tofauti kila asubuhi: jirani amekula shamba langu. Ningebaki pale ningezeeka nikibishana kuhusu mstari wa mkonge.

Basi Nairobi nikawa mshauri wa sera. Kazi ya mshauri ni rahisi kuieleza. Unaandika jambo, mkubwa analisema kana kwamba lilimjia akioga, likifaulu ni lake, likiharibika unatafutwa wewe. Baadaye nikahamishiwa ofisi ya Baraza la Mawaziri. Waheshimiwa walikaa mezani, mimi nikakaa nyuma yao karibu na ukuta, nikiandika walichoamua. Nasema bila kujivuna kwamba mara nyingi ni mimi peke yangu niliyejua wameamua nini. Waliondoka wakicheka na kuulizana habari za ng'ombe, nami nikabaki na kalamu, nikiipanga sera ya taifa katika sentensi zinazosomeka.

Nyumbani Marani wakaanza kuniita Waziri. Mwanzoni nilikanusha, nikaeleza kwa kirefu tofauti ya waziri na ofisa wa baraza. Baadaye nikawa nanyamaza. Mwishowe nikawa naitika.

Sasa, katika vitu vyote nilivyoandika miaka ile, kimoja nilikipenda kuliko vingine. Ulikuwa waraka kuhusu ardhi. Mashamba yalikuwa yanapimwa na kuandikishwa nchi nzima ili kila mwenye shamba apate hati, na wajanja wakagundua kwamba jina linaweza kuandikishwa hata kama hakuna mtu nyuma yake. Mmoja anaandikisha kipande kwa jina la binamu aliyepotelea vitani, mwingine kwa jina la mjomba ambaye ukoo mzima haukumbuki kumwona akila. Mwishowe mashamba yote yanakutwa mkononi mwa yuleyule mjanja. Nikaandika kwamba hakuna shamba litakaloandikwa kwa nyumba ya mtu yeyote, wala watoto hawatarithi kwake, mpaka watu waliokuwepo wathibitishe kwamba mtu huyo aliwahi kuishi. Siku uliposomwa, waziri mmoja aligonga meza kwa kiganja. Huenda alikuwa anaita chai, lakini mimi nilipokea kama pongezi. Ulikuwa waraka mzuri na bado nasema ulikuwa mzuri. Anayebisha aje, nipo.

Tatizo la waraka wa nchi nzima ni kwamba hata kwenu ni nchi.

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama yangu alizaa wavulana wawili, kaka yangu mkubwa na mimi. Mke wa pili tulimwita mama mdogo, ingawa hakuwa mdogo kwa lolote, na yeye alilea mabinti watupu. Wakati ninaousimulia, baba na mama yangu walikuwa wamekwisha kufariki, na mama mdogo alikuwa amebaki peke yake kama mkubwa wa boma, akitutawala sote kwa macho tu.

Kwetu Kisii, ng'ombe wanaoingia kwa mahari ya binti hutoka tena kumwoza mke kaka yake wa nyumba hiyohiyo. Mabinti wa mama mdogo waliolewa vizuri, ng'ombe wakajaa zizini, na kijana wa kuozwa mke hakuwepo. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuwatolea macho ng'ombe wale, kwa sababu alitamani mke wa pili na hakuwa na cha kutoa. Mama mdogo akamwacha aendelee kutamani. Akafanya jambo ambalo desturi yetu inaliruhusu: akatoa ng'ombe wake, akamleta nyumbani msichana mchapa kazi awe mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe hayupo. Hilo si neno. Watoto wanaozaliwa ni wa huyo mwana, ni wajukuu wa mama mdogo, na shamba la nyumba yake ni lao. Nani hasa aliyewazaa? Kwetu haliulizwi, na ukiliuliza utaambiwa hukulelewa.

Kanisa letu pale kilimani halikupendezwa. Wazee wa kanisa walikaa, wakaomba, wakafuta jina la mama mdogo daftarini. Mama mdogo akaendelea kuja kila Sabato na kukaa palepale alipozoea kukaa, katikati ya benchi la mbele, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wasiofutwa. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia kwamba hayupo.

Mkaza mwana akazaa wavulana, mmoja baada ya mwingine, vijana wa macho makali waliomsalimia kaka yangu kwa heshima zote na hivyo kumchoma zaidi. Wapimaji walipofika kilima chetu na minyororo yao ya kupimia, kaka yangu alikuwa tayari. Waraka wangu ulibandikwa ukutani kwa chifu. Kaka hakuwahi kusoma kitu changu hata kimoja. Barua zangu za kutoka Uingereza, kwa uvivu tu, alikuwa akimpelekea mwalimu amsomee, kisha ananijibu kwa kuomba koti. Waraka huu aliusoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Akaenda mbele ya kamati ya wazee akasema mwana wa mama mdogo hakuwahi kuishi, kwa hiyo nyumba yake haina mwenyewe, kwa hiyo shamba lile linarudi kwa wana wa baba walio hai. Wazee wa kamati walijua desturi vizuri kuliko yeye, lakini karatasi ilikuwa na nembo ya serikali, wakaogopa. Wakasema aje ofisa wa ardhi aamue.

Kaka akaniletea habari hizo Nairobi mwenyewe, amevaa koti nililomtumia, uso umemeta kwa furaha. "Nusu ni yako," akaniambia. "Hii kitu uliandika ni kitu ya maana sana."

Nikashuka Kisii. Gari la serikali lilikwama kwenye matope baada ya Nyakoe, dereva akakataa kuligusa kwa sababu viatu vyake vilikuwa vipya kuliko vyangu, na mimi nikamalizia njia kwa miguu nikiwa nimekunja suruali mpaka magotini. Watu wa njiani walinisalimia, "Waziri, karibu," kwa sauti ambayo sikuipenda.

Mama mdogo alikuwa uani akipepeta nafaka ya wimbi. Hakuinuka.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama. Lakini sikuandika kwa ajili yako."

"Uliandika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya wezi wa ardhi."

"Mwizi ni kaka yako. Mbona umenipiga mimi?"

Nikamweleza. Nilieleza kama ninavyoeleza mahakamani, hoja juu ya hoja, nikirudi nyuma na kwenda mbele pale uani, na yeye akaendelea kupepeta akiwa upande upepo unakotokea. Makapi ya wimbi yakanijaa kwenye suti. Sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Nilipochoka nikampa njia. Shamba liandikwe kwa jina langu, nami nilishike kwa niaba ya wale vijana mpaka wakue.

"Wajukuu wangu wakae hapa kwa hisani yako?"

"Si hisani. Ni ahadi."

"Na ukifa? Mke wako anatujua? Watoto wako wanajua hata njia ya kuja hapa?" Mke wangu alikuwa wa Nairobi, na watoto wangu walidhani Marani ni jina la ugonjwa.

Nikampa njia ya pili. Ofisa wa ardhi alikuwa kijana mdogo wa wizara niliyoijua nje ndani. Simu moja tu, na mambo yangekwisha kabla ya chai. Hivyo ndivyo mambo mengi yalivyokuwa yakiendeshwa, tusidanganyane.

Akaweka ungo chini. "Ukipiga simu leo, kesho kaka yako atatafuta mtu mwenye simu kubwa kuliko yako. Na wajukuu wangu nitawaachia nini? Simu?"

"Sasa unataka nifanye nini, mama?"

"Usimame mbele ya watu, useme una ndugu."

Hapo nilikasirika. Nilimwambia mimi ni mwanasheria, nimeapa, siwezi kusimama mbele ya ofisa wa serikali na kusema nina ndugu ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona.

"Ulisimama mbele ya Wazungu ukiwa umevaa nywele za farasi," akasema. "Hukuona haya."

Nikajipangusa makapi, nikaaga.

Nilirudi Nairobi nikiwa nimenuna. Nikamgusia mkubwa wangu habari hii kwa juu juu, kama jambo la mtu mwingine, naye si mjinga. Akasema ofisa atakayeupinga waraka wake mwenyewe hadharani, akirudi atakuta mwenzake anakipasha moto kiti chake. Nilipenda kile kiti, na sioni aibu kusema hivyo. Kilikuwa na mito miwili. Wiki nzima nilizunguka nikijiambia kwamba mama mdogo ni mkorofi, kwamba hakuna mwanamke mwingine katika eneo letu zima la Kitutu ambaye angekataa njia mbili nzuri za bure kutoka kwa wakili. Siku ya baraza la kuamua shauri la shamba ilipofika nikajikuta ndani ya gari, nikielekea nyumbani, nikijitukana njia nzima.

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa shule. Ofisa wa ardhi alikuwa mtu wa Pwani, kijana mwembamba mwenye Kiswahili kilichonyooka hata wazee wetu wakaona haya kufungua midomo, kwa hiyo akapewa karani wa kutafsiri. Wanaume walikaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Wanawake walikaa kwenye nyasi, mama mdogo katikati yao, na mkaza mwana wake nyuma yake amewakumbatia wale wavulana kama watu watakaonyang'anywa. Mimi nililetewa kiti cha mwalimu mkuu.

Kaka yangu alianza, na haki yake nimpe, alikuwa hodari. Laiti angesomea sheria, angeniharibia biashara. Alisoma waraka kwa sauti, akaukunja, akauliza kama kuna mtu yeyote katika uwanja ule aliyewahi kula na huyo mwana wa mama mdogo, kulima naye au kutahiriwa pamoja naye. Hakuna mkono ulioinuka. "Basi," akasema, "serikali imesema, na aliyesema ni ndugu yangu mwenyewe, ameketi pale."

Macho yote yakanigeukia. Nikasimama.

"Mheshimiwa," akasema ofisa, "waraka huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na leo umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusema nina ndugu. Mwana wa mama mdogo."

Uwanja ukanguruma. Kaka yangu alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe wake akipanda mti. Ofisa akasubiri watu watulie, akachukua kalamu.

"Ni mkubwa kwako au mdogo?"

"Mdogo." Nilibahatisha.

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Alikwenda wapi?"

"Hajaenda mahali. Hajazaliwa."

Hapo hata wazee wa kamati walicheka. Nilijaribu kueleza desturi, kwamba nyumba ni nyumba hata kama mwenye nyumba hakupata kuja, kwamba ng'ombe walitoka na watu walikula, kwamba ndoa ile imeshuhudiwa na kilima kizima. Nilisema vizuri, wallahi nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema kwenye korti yoyote, na jasho jembamba lilikuwa likinitiririka ndani ya koti. Ofisa alisikiliza kwa adabu zote.

"Nimekuelewa, Mheshimiwa. Tuanze na jina lake. Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimesafiri usiku na mchana kwa ajili ya ndugu huyu, nimekiweka kiti changu rehani kwa ajili yake, nimegombana na kaka yangu wa damu, na sikulijua jina lake. Sikuwahi kuuliza. Nilisikia kaka yangu akicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeshinda, nikatamani ardhi ile tunayoigombania inimeze.

Ofisa akaweka kalamu mezani taratibu. Alinihurumia, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mheshimiwa, waraka uko wazi. Aliwahi kuishi au hakuwahi?"

"Aliishi," akasema mama mdogo.

Alikuwa amesimama pale kwenye nyasi. Alisema kwa Kigusii, lugha yetu, bila kupaza sauti, na karani akatafsiri.

"Alizaliwa kabla ya mabinti wangu wote. Mvulana. Sikumtaja kwa sababu kwetu mtoto wa namna hiyo hatajwi, unazaa mwingine unanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimezeeka. Yuko nyuma ya nyumba yangu, chini ya migomba, kwenye shamba hilohilo."

Kaka yangu akasema ni uongo, mwanamke huyu anatunga. Kabla hajamaliza, bibi mmoja kizee, mkunga aliyewapokea walipozaliwa nusu ya watu waliokaa kwenye madawati yale, akajiinua kwa fimbo yake. "Nilimpokea mimi," akasema. "Na wewe nilikupokea mimi. Kaa chini." Wanawake wengine wakubwa wakaitikia kwa vichwa, wakitazama nyasi. Walikuwa wanajua, wote, miaka yote hiyo. Kaka yangu akakaa.

Ofisa akachukua kalamu tena. "Mama, samahani nikuulize. Aliishi kwa muda gani?"

Uwakili ni ugonjwa. Nilikurupuka. "Waraka hauulizi muda," nikasema. "Unauliza kama aliwahi kuishi, na wapo watu waliokuwepo. Niliuandika mwenyewe. Hakuna mahali unapouliza muda."

Ofisa akausoma tena, kidole kikifuata mistari. Akakubali kwa kichwa. Nikajiona mshindi, nikavuta koti langu vizuri.

"Kaa chini, wakili," akasema mama mdogo. "Ameniuliza mimi."

Nikakaa.

"Alizaliwa asubuhi," akamwambia ofisa. "Ng'ombe waliporudi kutoka malishoni alikuwa amekwenda. Kesho yake maziwa yakaja, mengi, na hapakuwa na wa kunyonya. Mke mwenzangu alikuwa na kichanga, na yeye alikuwa mgonjwa, kifua kimekauka, mtoto analia mpaka sauti imeisha. Wakaniletea. Sikumtaka. Nilimgeuzia mgongo. Kisha nikampa maziwa ya mwanangu, akanyonya mpaka akaota meno." Akanionyesha kwa kidevu. "Ni huyu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia kwa Kigusii. Lakini karani alikuwa mtu wa kufanya kazi yake, akasimama wima, akayatafsiri yote tena kwa Kiswahili, polepole, neno moja baada ya lingine, mpaka akafika kwangu.

Ofisa akamuuliza jina la mtoto, naye akalitaja. Akaliandika, na chini yake akaandika majina ya wale wavulana. Halafu akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nilitaka kusema sina. Badala yake nikainuka kwenye kiti cha mwalimu mkuu, nikaenda kuketi kwenye nyasi kando ya mama mdogo.